Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi nilipe pesa ya kukatwa tumbo

ULIZA MAMA MUKUBWA

Jambo Mama Mukubwa,

Mimi ni mama wa miaka 38, naishi Katuba, hapa Lubumbashi. Nauza vitenge soko la Mzee Kabila, siku sita kwa juma, na kazi yenyewe ni kukaa. Nina urefu wa mita 1.62. Mwezi uliopita mizani ilisema kilo 126, nikamwomba muuguzi aipige teke kidogo, labda imekwama. Haikukwama.

Nina ugonjwa wa sukari, huu ni mwaka wa nne, nameza metformini. Tansio nayo, yaani shinikizo la damu, ipo. Magoti yaliniuma mpaka nikashindwa kupanda teksi, lakini kuna kijana wa duka la dawa karibu na soko, ananifungia vidonge vidogo katika kikaratasi, viwili kwa siku. Tangu nianze kuvimeza, karibu mwaka sasa, natembea kama msichana. Usiku nakoroma mpaka mapasa wangu, watoto wangu pacha, wanagonga ukuta, na mchana usingizi unanikamata mteja amesimama mbele yangu.

Usifikiri sijajaribu. Nilifunga siku 21 kanisani, nikashuka kilo tisa. Baada ya miezi minne zilirudi zote, na zingine zikazifuata. Niliacha bukari, ugali wetu, nikala mboga tupu, nikawa mkali hata kwa wateja.

Sasa rafiki yangu mmoja wa likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana pesa kwa zamu, alienda India mwaka jana wakamkata tumbo. Ameshuka karibu kilo 40. Akanipa namba ya bwana anayepeleka watu. Bwana huyo anataka dola 6,800, kila kitu ndani: tiketi, viza, hoteli, oparesheni. Nafika Jumatatu, nakatwa Jumatano, Jumatatu inayofuata niko Luano nashuka ndege. Anasema mwaka hautaisha nikiwa juu ya kilo 65. Ila nilipe zote kabla ya mwisho wa mwezi, baada ya hapo bei inapanda.

Pesa ninayo: zamu yangu ya likelemba pamoja na akiba ya biashara. Lakini mume wangu, anayefanya kazi mgodini Kolwezi, anataka tununue parseli, yaani kiwanja, upande wa Kasapa. Nilipomweleza alinyamaza, halafu akasema: «Na ukibaki kule, mapasa nitawafanyia nini peke yangu?» Mama mukwe naye anasema watu watadai mwanawe hanilishi, ama watasema nina ule ugonjwa. Pastor anasema kukata tumbo lisilo na ugonjwa ni kukosoa kazi ya Mungu. Na yule rafiki yangu, nikimwangalia, simwelewi. Nguo zinamkaa vizuri, lakini anatapika karibu kila siku, na juzi aliniambia miguu yake ina ganzi.

Kuna jambo naona haya kulisema. Kabla ya ndoa nilikuwa mwembamba sana, nikameza vile vidonge vya kunenepesha ili niingie kwa bashemeki, watu wa mume, nikiwa na mwili. Je, ndiyo ninalipa sasa? Nikatwe ama nisikatwe?

Mama Mapasa, Katuba

*

Mwanangu Mama Mapasa,

Swali lako litangoja kidogo, kwa sababu rafiki yako hawezi kungoja. Mtu aliyekatwa tumbo, anayetapika kila siku, kisha miguu inaanza ganzi, huenda ameishiwa vitamini B1, inayoitwa thiamini. Akiba yake mwilini ni ya wiki chache tu. Ikiisha, ganzi hupanda, mtu akayumba kama mlevi, macho yakaanza kuchezacheza, kisha kumbukumbu ikaharibika, na uharibifu mwingine haurudi nyuma. Mpeleke hospitali leo. Mlangoni tu aseme: «Nilikatwa tumbo, natapika, miguu ina ganzi.» Unajua desturi yetu, mgonjwa akionekana dhaifu anatundikiwa serumu ya sukari hata kabla ya kuulizwa jina. Kwake yeye B1 iingie kwanza, kwa sindano, kabla ya hiyo serumu, kwa sababu sukari inamaliza ile B1 kidogo iliyobaki. Madaktari wanalijua hilo, lakini hawawezi kulikumbuka wasipoambiwa kwamba tumbo limekatwa. Halafu watafute sababu ya kutapika. Mara nyingine njia ya chakula imebana, na hilo linatibika.

Umemaliza? Sasa rudi tukae.

Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama mahali pamoja. Si kwenye dola 6,800. Ni kwenye kile kikaratasi cha vidonge vya magoti. Umekitaja kwa furaha, mstari mmoja, ukapita.

Kuna dawa inayoitwa deksamethasoni. Ni dawa ya kweli, hospitalini inaokoa watu. Lakini ni bei rahisi na inaondoa maumivu haraka, ndiyo sababu wauzaji wengi huifunga kwenye vikaratasi bila jina. Ukiimeza kila siku kwa miezi, hamu ya chakula inapanda, mafuta yanajaa tumboni, usoni na nyuma ya shingo, sukari inapaa, tansio inapaa, mifupa inapungua nguvu. Siwezi kuapa kwamba ndiyo unayomeza. Lakini kidonge kidogo kisicho na jina kinachomfanya mama wa kilo 126 atembee kama msichana, mimi ningekishuku. Na vile vya kunenepesha ulivyomeza kabla ya ndoa, mara nyingi ni ndugu zake: deksamethasoni hiyo hiyo, au siproheptadini, dawa ya mzio inayochochea njaa. Hulipi adhabu yoyote. Ulikuwa msichana uliyeambiwa kwamba mke mwembamba ni aibu, ukanunua kilichouzwa waziwazi sokoni. Na vidonge vya miaka ile peke yake havielezi kilo za leo. Vya leo ndivyo vinavyonisumbua.

Wewe una haraka, kwa hiyo nisikie vizuri: usiviache ghafla. Mwili ukizoea dawa hii, tezi zilizo juu ya figo zinalala, zinaacha kutengeneza homoni yake ya asili. Ukikata siku moja, unaweza kuishiwa nguvu, kuanguka, hata kufa, na ukipasuliwa katika hali hiyo bila mpasuaji kujua hatari inazidi. Vinapunguzwa taratibu na daktari. Bwana wa tiketi alikuuliza unameza nini? Alikuuliza habari za kukoroma kwako? Kukoroma kwa namna hiyo pamoja na usingizi wa mchana mara nyingi ni dalili kwamba pumzi inakatika usiku. Mtu wa kulaza wagonjwa kabla ya oparesheni lazima alijue hilo kabla hajakugusa, siyo ukiwa tayari mezani.

Sasa oparesheni yenyewe. Na hapa sitakubaliana na pastor wako, wala na wale wanaosema ni uvivu wa wenye pesa.

Upasuaji huu haukuzaliwa jana kwenye simu. Edward Mason, mpasuaji wa Iowa huko Marekani, aliuanza miaka ya 1960. Wasweden walianza mwaka 1987 kufuatilia watu zaidi ya 4,000 wenye unene mkubwa, karibu nusu wamepasuliwa, nusu wametibiwa kwa njia za kawaida. Miaka ilipopita, waliopasuliwa walikufa wachache zaidi. Kwa ugonjwa wa sukari kama wako, mara nyingi sukari huanza kushuka siku chache tu baada ya kupasuliwa, hata kabla kilo hazijaondoka. Yaani tumbo halikuwa mfuko wa bukari tu. Linatuma habari kwa ubongo na kwa kongosho, na mpasuaji anabadilisha habari hizo.

Ndiyo maana kufunga kwako kulikushinda. Ulipopungua kilo tisa, mwili wako ulidhani kuna njaa nchini, ukapandisha homoni ya njaa na kupunguza matumizi ya nguvu mpaka urudishe kila gramu. Pastor aliona imani haba. Mimi naona mwili unaofanya kazi uliyopewa na Mungu huyo huyo. Na pastor, akipata apendisiti, nina hakika hatakosoa kisu.

Njia zinazofanywa sana ni mbili. Ya kwanza, wanakata karibu robo tatu ya tumbo au zaidi kidogo na kuitoa kabisa, linabaki bomba jembamba kama ndizi. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa. Hairudishwi tena. Ya pili, wanatenga kifuko kidogo juu ya tumbo, ukubwa wa yai, na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo, chakula kikaruka sehemu ndefu ya njia yake. Hii ya pili mara nyingi inashinda kwa wenye sukari, na kwa wale ambao kiungulia kinawachoma, kwa sababu ile ya bomba huweza kukizidisha. Zote hufanywa kwa matundu madogo na kamera. Ipi inakufaa wewe, anaamua mpasuaji aliyekupima na kukuingiza kamera tumboni. Bwana wa tiketi amekuuzia ipi? Barua yako haisemi, na nadhani hata wewe hukuambiwa.

Je, unastahili? Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu mara urefu: 126 kwa 1.62 mara 1.62. Unapata 48. Kuanzia 30 madaktari wanaita unene wa ugonjwa. Tangu 1991 kipimo cha kupasuliwa kilikuwa 40, au 35 ukiwa na ugonjwa kama sukari. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji hao viliteremsha mpaka 35 hata bila ugonjwa mwingine. Wewe umevuka mbali. Hakuna atakayesema unatafuta urembo.

Lakini kilo 65 ni uongo. Wanaopasuliwa vizuri hupoteza kwa kawaida robo mpaka karibu theluthi ya uzito wao katika mwaka mmoja hadi miwili, na baadaye wengi hurudisha kidogo. Kwako ina maana ya kubaki kati ya kilo 85 na 95. Bado utakuwa mama mwenye mwili, mama mukwe atulie. Ila magoti yatapumua, sukari inaweza kushuka mpaka dawa zipunguzwe, usingizi utarudi. Kama kilo 90 na magoti mazima hazitoshi moyoni mwako, usikatwe, kwa sababu utakuwa umelipia ndoto ya mtu mwingine.

Kufa mezani? Katika mikono iliyozoea, hufa pungufu ya mtu mmoja kwa mia, katika vituo bora karibu mmoja kwa elfu. Kinachotisha zaidi ni siku zinazofuata: mshono kuvuja, damu kutoka, damu kuganda mguuni na kupanda mapafuni. Mshono unaweza kuvuja hata baada ya wiki. Na wewe umepangiwa kukaa kwenye kiti cha ndege siku ya tano, kupitia Addis-Abeba, saa nyingi miguu imekunjwa, ndicho hasa kinachopenda kugandisha damu. Ukishuka Luano na homa na tumbo linauma, nani atakupokea? Watakupima malaria, wataikuta, maana nani hapa hana, watakupa dawa ya malaria, na mshono utaendelea kuvuja.

Hapo ndipo penye swali lako la kweli. Ukienda, kuna nani Lubumbashi atakayekushika ukirudi? Oparesheni ni saa mbili, tatu. Yanayofuata ni miaka yote iliyobaki. Utakunywa majimaji, kisha uji laini, ndipo urudi kwenye chakula polepole, samaki, mayai na maharage kwanza, bukari matonge mawili matatu mwishoni, na maji usinywe pamoja na chakula. Utameza vitamini kila siku mpaka kufa, nazo ni B12, chuma, kalsiamu na vitamini D, tena kwa mwanamke anayeona siku zake chuma ni lazima kweli. Utapimwa damu kila baada ya miezi michache mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka. Nywele zitapukutika karibu mwezi wa tatu mpaka wa sita, zitarudi. Ngozi italegea. Ukifanyiwa ile ya pili, ibuprofeni na diklofenaki uzisahau, zinatoboa vidonda pale palipounganishwa, na chupa moja ya bia ya Simba itakupanda kichwani kama tatu. Na mimba: mwanamke akipungua, mayai yanaamka. Hupaswi kushika mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na vidonge vya kuzuia mimba havitegemeki baada ya kuhamishwa kwa utumbo, kwa hiyo tafuta njia nyingine kabla hujaondoka. Usije ukaniandikia tena una mapasa wengine!

Rafiki yako alikatwa vizuri pengine. Alikosa mtu wa kumfuata. Ndiyo hadithi yake yote.

Kwa hiyo mwisho wa mwezi usilipe. Mpasuaji wa kweli hapandishi bei kama muuza vitunguu. Uanze na daktari wa magonjwa ya ndani hapa mjini, yule wa sukari, mwambie yote niliyosoma mimi. Miezi mitatu, minne ya kupunguza vile vidonge, kupanga sukari na tansio, kuangalia pumzi ya usiku. Kama ni deksamethasoni, kilo kadhaa zinaweza kuondoka zenyewe. Muulize pia waziwazi: «Nikipasuliwa nje, utanifuata?» Akikubali, ndipo mtafute mpasuaji, India au Afrika Kusini, popote, na aongee naye yeye, siyo bwana wa tiketi. Mnapaswa kujua jina lake, ameshapasua wangapi, atakuweka karibu wiki mbili au zaidi kabla ya ndege, na utarudi na karatasi iliyoandika alichokata. Tenga pia pesa ya vitamini na vipimo kabla hujatenga ya tiketi. Nikisikia umekwenda kwa njia hiyo nitafurahi, kwa kweli, na nitamwambia mama mukwe mwenyewe.

Utaambiwa na sindano za kila juma za kupunguza kilo, semaglutidi na wenzake. Zinafanya kazi, lakini ukiziacha kilo nyingi hurudi, zinataka friji, na umeme wetu unaujua. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu semaglutidi bandia. Ukiziona sokoni kwenye ndoo ya barafu, pita.

Kuna wanaoniandikia kwamba upasuaji ndio dawa ya unene wa mji mzima. Hapana. Mwaka 2022 watu zaidi ya bilioni moja duniani walikuwa na unene wa ugonjwa. Hakuna visu vya kutosha, na kisu hakigusi soda inayouzwa kila kona wala kazi ya kukaa kutwa. Kinamsaidia mtu ambaye tayari maji yamemfika shingoni, kama wewe. Wale mapasa wako, hao dawa yao ni nyingine, na inaanza na chupa unayowawekea mezani.

Kuhusu mume wako. Umesoma maneno yake kama ya mtu wa parseli. Yasome tena: «Ukibaki kule.» Huyo anaogopa kukuzika mbali, hajui kulisema, akaomba kiwanja. Akishuka kutoka Kolwezi, nenda naye kwa daktari, akae, aulize mwenyewe. Pesa ikae mahali ilipo miezi hiyo minne, Kasapa haihami. Na mama mukwe umwambie kabla hujaanza kupungua, mbele ya mwanawe, kwamba ni matibabu ya sukari. Akijua wa kwanza, yeye ndiye atakayewanyamazisha wa mtaani kuhusu ule ugonjwa. Akijua wa mwisho, ndiye atakayeusambaza.

Jumatatu asubuhi, kabla ya soko, uende. Kile kikaratasi usikitupe na usimrudishie kijana wa duka. Kifunge na vidonge vilivyobaki ndani, ukiweke mezani mbele ya daktari, halafu uniandikie amesema ni nini.

Mama Mukubwa